Kibuyu Kilichofika Kimejaa

Nimechoka kuulizwa. Tangu turudi kutoka Marsabit siwezi kupita mtaa wa Chechelesi bila mtu kuniita kutoka dukani, "Kiogora, ile posa ya ndugu yako iliishia wapi?" na kabla sijafungua mdomo wengine wanaangua kicheko, kwa sababu mmeshajijibu wenyewe. Mnasema Gitonga aliharibu mambo yake kwa makopo yake ya bia ya Wazungu. Mmempa hata jina. Mnamwita Kopo, na watoto wameanza kulidaka. Basi leo nimefunga kaunta mapema, nimekaa na kalamu, na nitawaeleza safari nzima. Mtu akisoma nusu halafu akaenda kucheka, shauri yake, lakini asije kuagiza chupa kwangu.

Mzigo wetu

Kwa asiyetujua vizuri: mimi nauza bia katika baa moja hapa Isiolo, huu mwaka wa tisa. Gitonga ni ndugu yangu mdogo. Anawafanyia kazi wageni wanaochimba visima huko kaskazini, na huko ndiko alikojifunza kunywa bia ya kopo inayotoka ng'ambo. Msichana anaitwa Gatwiri, nesi, mnamjua. Baba yake, Mzee M'Mburugu, ni Mmeru kama sisi, fundi wa mawe aliyekwenda kujenga Marsabit kabla ya uhuru, akapata shamba kule mlimani, akakaa moja kwa moja.

Mzee huyo aliposikia habari za Gitonga alituma jibu fupi. Bia ya chupa, alisema, iko Marsabit, anainunua mwenyewe kila Jumamosi. Mambo ya ng'ombe yatazungumzwa baadaye. Kitu cha kwanza anachotaka ni kibuyu cha uki, ile pombe yetu ya asali, iliyotengenezwa na baba wa kijana kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa ameionja tangu aondoke nyumbani.

Desturi yetu ni hii. Siku ya kuposa, uki humiminwa kwenye pembe ya ng'ombe, na msichana anapewa mbele ya watu wote. Akionja akampa baba yake, amekubali. Akikataa, wageni wanachukua fimbo zao na kurudi walikotoka. Tena kibuyu cha kuposa hakipungui njiani. Kikifika kimepungua, maana yake waliokibeba walijinywea kabla msichana hajasema ndiyo, na hapo wameidharau nyumba nzima. Hili linajulikana kwa kila mtu wa kwetu, mkubwa na mdogo. Mimi nililijua.

Baba yetu ana mgongo mbovu, na ukame wa mwaka huu umefukuza nyuki karibu wote. Asali aliyotumia ndiyo aliyokuwa ameificha chini ya kitanda kwa ajili ya kifua chake. Aliitoa yote. Alikaa na ile pombe siku nne karibu na moto, akiiamkia na kuifunika kama mtu anayeuguza mtoto. Tulipokwenda kuichukua alinipa kibuyu mimi, si Gitonga.

"Shika wewe," aliniambia. "Wewe ndiye unajua pombe. Huyu mdogo ana haraka. Usizibe na kitu kigumu, hii inapumua. Na usikipe jua."

Alikiziba kwa jani kavu la mgomba. Uki uliobaki aliutia kwenye jerikani ya plastiki kwa ajili ya wageni wengine, na hiyo aliichukua Gitonga. Mwajiri wangu akatoa kreti nne za bia ya chupa. Gitonga naye akaja na makatoni mawili ya makopo yake, amejaa furaha. Nilikasirika hapo hapo, kabla hata ya lori kuwaka.

Kizuizi cha Isiolo

Tulipanda lori la Mzee Jama. Yeye ni Msomali wa hapa hapa, babu yake alikuwa askari wa Waingereza, na barabara ya kaskazini anaijua kuliko ua wa nyumba yake. Alipoona mzigo wetu alisimama mikono kiunoni.

"Salaam aleikum, Kiogora. Hii yote ni pombe?"

"Aleikum salaam, Mzee. Ni ya kuposa."

"Mzigo ni mzigo. Lakini kwa gari yangu hakuna kizibo itafunguka. Nikisikia kizibo moja, nyinyi na pombe yenu mnashuka."

Tulifika kizuizini saa moja asubuhi ya Jumatano, tukaambiwa tungoje msafara ukamilike, kwa sababu ya majambazi wa huko mbele. Tulingoja mpaka saa tano. Mimi nilikula anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai kwenye kibanda cha mama mmoja, kibuyu kikiwa mapajani. Gitonga alikaa chini ya kivuli, akafungua kopo. Lilikuwa la moto kama chai yangu.

"Onja, Kiogora. Uache ushamba."

Nilionja. Niseme wazi, maana nyinyi mnadhani namwonea. Ile bia ni nyepesi, ina gesi ya kukupanda puani, halafu mdomoni inabaki ladha ya bati. Ukimaliza kumeza unajiuliza kama umekunywa kitu. Mtu ametoka Ulaya, amepanda ndege, amepita Nairobi, kumbe alikuwa amebeba maji yaliyosuuziwa chupa.

Mimi ninayoipenda ni bia yetu ya kiwandani, ya chupa, tena isiyokaa kwenye friji. Wageni wakija baa wananishangaa nikiwauliza, baridi au moto? Moto ndiyo bia. Baridi inaua ulimi, unakunywa barafu yenye rangi. Ya moto ina uchungu wake, ina harufu ya mkate, na chupa ya leo ni sawa na chupa ya mwaka jana. Nilimwambia Gitonga hayo yote kwa sauti kubwa. Naye akasema bia yetu ni dawa ya minyoo.

Hapo akaingia mtu wa tatu. Mwalimu mmoja, Wafula, mtu wa Bungoma aliyehamishiwa shule ya kaskazini, alikuwa anapanda lori letu na godoro lake jipya.

"Nyote hamjui pombe," alisema. "Pombe ni busaa. Ikiwa moto kwa chungu, wazee wamezunguka, kila mtu na mrija wake. Hii mengine ni soda."

Nilimwambia busaa ni uji ulioharibika. Alinuna, akapanda juu ya magunia akalala kwenye godoro lake.

Archer's Post

Sasa sikilizeni ujinga. Gitonga aliogopa harufu ya uki isije ikawafikia askari wa kizuizini, kwa kuwa pombe ya nyumbani siku hizi inabebwa kwa kuficha. Basi alikuwa ameikaza jerikani kwa nguvu zake zote, akafunga kifuniko kwa mpira wa tairi, akaiweka juu kabisa, juani. Uki ulio hai, kwenye barabara ya mawe, juani! Nilikuwa kabini na Mzee Jama tuliposikia mlio huko nyuma, halafu sauti ya Wafula ikilia kwamba amepigwa risasi.

Tulisimama. Wafula alikuwa mzima, lakini ameloa kuanzia nywele mpaka viatu, godoro limekunywa uki kuliko mtu yeyote atakavyowahi kuunywa, na mwingine ulikuwa unachuruzika kati ya mbao za lori. Kazi ya siku nne ya mzee mwenye mgongo mbovu ilikuwa inamwagikia vumbi. Nilimtukana Gitonga matusi ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia hafai kupewa hata mbuzi wa kuchunga, sembuse mke. Wafula alisikia, Mzee Jama alisikia, magari yote ya msafara yalisikia. Gitonga alikaa chini akaokota kifuniko cha jerikani, akakitazama.

Mzee Jama hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliliendesha lori mpaka Archer's Post, akalisimamisha karibu na mto Uaso.

"Mimi naswali kwa hii gari," alisema. "Mtaosha mbao moja moja."

Tulishusha kila kitu. Tulichota maji, tukasugua kwa mchanga na majani, tukaosha tena. Mzee Jama alipanda akanusa, akashuka akasema bado. Tulipomaliza jua lilikuwa limeinama na msafara ulikuwa umeshakwenda. Ilibidi tulale pale, na Jumamosi wazee wa Marsabit watakuwa wamekaa wanatungoja. Jioni ile Gitonga alikuja na sahani ya wali na nyama, akaiweka mbele yangu.

"Kibuyu kiko, Kiogora," alisema. "Hicho ndicho alichoomba mzee."

"Kiko kwa sababu ninacho mimi," nilimjibu. Sahani nilikula, asante sikumpa.

Merille

Alhamisi tulipata msafara mwingine. Tulipovuka bonde la mchanga la Merille, springi ya nyuma ikakatika. Yale magari mengine hayakungoja. Tulivutwa mpaka karibu na maduka mawili na kambi ndogo ya askari, tukaachwa hapo. Mzee Jama alisema chuma kile kitapatikana Laisamis tu, na kwa kuwa Gitonga anajuana na mafundi wa huko kwa sababu ya visima, wakaenda wote wawili kwa lori lililopita. Wafula na mimi tukabaki tukilinda mzigo.

"Chunga makopo yangu," Gitonga aliniambia akipanda.

"Nani atayaiba? Mbwa?"

Ijumaa asubuhi hawakuwa wamerudi. Joto la Merille mnalijua, nyinyi mliopita. Dukani palikuwa na maharagwe na chapati ngumu, basi. Tulikaa kwenye kivuli cha lori, Wafula analalamikia godoro lake linalonuka, mimi nalalamikia ndugu yangu. Saa nne nilifungua chupa mbili, maana tulikuwa chini, si ndani ya gari, na sharti la Mzee Jama nilikuwa nimeliheshimu. Halafu, kwa uchokozi tu, nikafungua kopo la Gitonga, nikamwambia Wafula alinganishe. Alionja zote mbili, akatikisa kichwa, akarudia habari zake za busaa. Kidogo ningemwacha. Lakini akaendelea.

"Na hiyo yenu ya asali," alisema, "mtanisamehe. Hiyo ni juisi ya akina mama. Ilinimwagikia mdomoni juzi. Ni sukari tu."

Jamani. Mtu ameloweshwa na uki uliopikwa na jua juu ya lori, halafu anajifanya ameuonja! Nilimwona baba amekaa karibu na moto, anafunika na kufunua, nikasikia damu inanipanda. Nilikwenda kabini, nikachukua kibuyu, nikatoa jani la mgomba.

"Lete kikombe," nikasema. "Funda moja tu. Halafu uniambie tena juisi."

Alikunywa, akanyamaza. Akanirudishia kikombe. "Ngoja, sijaelewa vizuri," akasema. Nikammiminia tena. Nami nikajitilia, kwa sababu nani anamtazama mwenzake akinywa? Sasa niwaambie ladha yake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kwanza ulimi unapata utamu, mdogo tu, halafu ukali unakuja nyuma yake, na mwisho unasikia moshi, ule moshi wa kufukuzia nyuki kwenye mzinga. Joto linashuka kifuani taratibu na kukaa. Miaka tisa nauza bia, na nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuitambua mikono ya mtu mwingine ndani ya kikombe. Nilimwambia Wafula, "Huyu ni baba yangu." Akasema ndiyo, na tukanywa tena.

Basi akaja mzee mmoja wa Kisamburu na punda wawili, anatafuta maji ya kuwanywesha, nikamwahidi atapata. Nilikuwa na furaha ya hasira, nikataka shahidi. Nikampa kopo aonje. Akatema mchangani. Nikampa chupa, akameza, akasema, "Hii ni ya serikali." Wafula alicheka mpaka akakohoa. Halafu nikammiminia uki.

Yule mzee alikunywa nusu ya kikombe, akaacha kunywa. Alinusa.

"Hii ni ya asali."

"Ndiyo, mzee."

"Hata kwetu iko. Hii ni ya arusi. Hii ni arusi ya nani?"

"Ya ndugu yangu."

"Bibi amekwisha onja?"

Niliwatazama punda wake. Aliuliza tena, polepole, akidhani sikusikia Kiswahili chake. Nikasema, bado.

Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kisimwagike, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Sasa mimi nimekunywa nini?" akauliza. Hakuwa ananichokoza. Alitaka kujua. Halafu akawageuza punda wake akaenda zake, na yale maji niliyokuwa nimemwahidi hakuyachukua.

Niliinua kibuyu. Kilikuwa kimepungua zaidi ya shubiri. Kikombe alichokiacha kilikuwa bado na uki, nao nikaurudisha ndani, fikirieni, nikayarudisha masazo ya mtu, na bado kulikuwa na pengo kubwa shingoni.

Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa kaunta pekee angelifikiria. Kazi yangu ni kujaza. Glasi ikipungua, najaza. Nilifungua bia ya chupa, ya moto, nikaimimina taratibu kwenye kibuyu ili isitoe povu. Nikafungua ya pili. Rangi zinakaribiana. Nikafungua ya tatu, ikafika shingoni. Nikarudisha jani la mgomba, nikalipanga lilivyokuwa. Wafula alikuwa ameacha kucheka. Aliniambia tu, "Kiogora, mimi ni mwalimu. Sitasema kitu," akaenda kulala.

Mzee Jama na Gitonga walirudi alasiri na springi. Gitonga alikuwa mweusi wa grisi mpaka viwikoni, maana alikuwa amesaidia kuichomelea usiku kucha ili tuwahi. Kabla ya kunywa maji aliuliza, "Kibuyu kiko sawa?"

"Kiko sawa kuliko jerikani yako," nikamwambia.

Marsabit

Tulipanda mlima Jumamosi asubuhi, kwenye ukungu na baridi. Wafula alishuka sokoni na godoro lake bila kuniangalia. Mzee M'Mburugu alitupokea mwenyewe mlangoni, mtu mfupi, vidole vimepindwa na mawe, amevaa koti la suti lililokuwa jeusi zamani. Walikuwepo wazee wengine wawili. Gatwiri, aliyekuwa ametangulia wiki moja, alituletea maji ya kunawa, na alipomfikia Gitonga alitabasamu akitazama beseni.

Walitupa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na nyama ya kuchemsha. Kreti zetu ziliwekwa pembeni, na yale makatoni ya makopo yakawekwa juu yake bila mtu kuyafungua. M'Mburugu alikuwa anakula huku macho yake yako kwenye kibuyu. Hakuficha hamu yake. Alisema, "Nilipokuwa kijana baba yangu aliniacha nionje kijiko kimoja tu. Nilidhani nitakunywa pembe nzima siku moja nikiwa mzee wa nyumbani. Sasa mimi ni mzee wa hapa."

Kikatolewa jani. Akachungulia, akaona kimejaa mpaka shingoni, akawageukia wenzake akawaonyesha. "Mmeona? Hawa wamelelewa." Niliyatazama makopo.

Uki ukamiminwa. Gatwiri akapewa pembe, akaulizwa kama hiki kitu kinywewe. Akamtazama Gitonga, akaonja, akampa baba yake kwa mikono miwili. Wanawake huko nje wakapiga vigelegele.

M'Mburugu alifumba macho, akanywa. Akafumbua. Akanywa tena kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Vigelegele vikaisha vyenyewe.

"Gatwiri, wewe umeonja nini?"

"Tamu kidogo, chungu kidogo, baba. Mimi siijui uki."

"Mimi naijua," alisema. Sauti yake ilikuwa imekatika. "Na hii nyingine pia naijua. Hii ni ile yangu ya Jumamosi. Mmeniletea ile ya Jumamosi ndani ya kibuyu cha mzee mwenzangu." Akaweka pembe chini. "Nani alibeba?"

Hapa ndipo nataka msome polepole. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja. Nilifungua mdomo nilitoe, na lililotoka likawa hili: "Muulizeni huyu na makopo yake."

Gitonga alinitazama. Alinitazama muda ambao mtu anaweza kufunga viatu vyote viwili. Halafu akasimama.

"Ni mimi, baba," akasema. "Kilipungua njiani, nikajaza."

"Ulikuwa na haraka."

"Ndiyo, baba."

M'Mburugu alitikisa kichwa muda mrefu. "Binti yangu ameonja kitu ambacho si uki. Kwa hiyo hajasema ndiyo, na hajasema hapana. Rudini nyumbani. Siku mtakapokuja na uki, tutaanza upya. Bila uki, msinipigie hodi."

Gatwiri alichukua pembe akatoka nayo nje. Nilimwona kupitia mlangoni akiimwaga kwenye majani, akasimama pale kwenye ukungu na pembe tupu mkononi, ametugeuzia mgongo.

Kurudi

Tulirudi na makopo, maana hayakutakiwa. Chupa walizipokea. Tulikaa juu ya magunia matupu, mimi na Gitonga, kila mtu na upande wake. Nilikuwa bado na hasira. Nilikuwa nayahesabu makosa ya wengine: jerikani, Wafula, springi, yule mzee na maswali yake, hata M'Mburugu na ulimi wake mkali. Tulipopita Merille lori lilisimama Mzee Jama aswali. Gitonga akashuka, akaenda pale tulipokuwa tumeegesha, akarudi na kitu kiganjani. Vilikuwa vizibo vya chupa.

"Niliviona Ijumaa," alisema. "Nilipokuwa chini nafunga springi."

Nikamuuliza:

"Ulijua? Na ukasimama ukasema ni wewe?"

"Ningesema nini? Kijana akiwa na haraka, hiyo ni kitu ya ujana, inaisha. Nikisema ni ndugu yangu mkubwa, ambaye baba alimpa akamwamini, basi yule mzee angesema sisi wote ni hivyo. Hangenipa Gatwiri hata na mapipa ya uki." Alitupa vizibo mchangani. "Na jerikani niliiharibu kweli. Ulinitukana, lakini haikuwa uongo."

Afadhali angenipiga. Mzee Jama alimaliza kuswali, akakunja mkeka wake, akatutazama mmoja mmoja, akasema tu, "Pandeni, twende."

Mnaotaka kujua kilichotokea, ndicho hicho. Kibuyu nilikinywa mimi. Nilikijaza mimi. Nilimsingizia ndugu yangu mbele ya wakwe zake, na nikarudi Isiolo nikawaacha nyinyi mumcheke wiki tatu, kwa sababu ilikuwa rahisi. Jina la Kopo litoeni leo. Atakayelitamka tena mbele yangu tutashikana mashati.

Lakini liko moja zaidi, na ndilo linalonizuia kulala. Siku ya pili tangu turudi nilipanda kwa baba kumrudishia kibuyu chake. Alikuwa amekaa nje, mgongo umemkaza kuliko zamani, na kifua kinakoroma kwa sababu asali ya kifua ndiyo tuliyoibeba. Hakuuliza mambo ya ng'ombe wala ya tarehe.

"Kilifika kimejaa?"

"Kilifika kimejaa, baba."

"Na M'Mburugu? Alisemaje alipoonja?"

"Alinyamaza."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia alijua, uki mzuri lazima umnyamazishe mtu. Akaanza kupanga jinsi atakavyotengeneza mwingine wa arusi nyuki wakirudi. Sikumwambia. Nilikunywa uji wake nikaondoka.

Mtu wa kwetu alishuka sokoni jana, akaniambia baba yangu anazunguka kwa fimbo, nyumba kwa nyumba, akiwahadithia majirani kwamba M'Mburugu wa Marsabit alionja uki wake akanyamaza. Kesho nitapanda kumwambia alinyamaza kwa nini.